Kuoka Kuku Mkongwe Mau Narok

Miongoni mwa vipindi vya mapishi ambavyo Julia Child alivitoa katika televisheni ya WGBH ya Boston, Marekani, kuanzia Februari ya mwaka 1963, mna kimoja cha kuoka kuku ambacho wapenda jiko hukirejea aghalabu kwa sababu ya siagi yake, nami hukirejea kwa sababu ya dakika zake za mwanzo, siagi haijaguswa bado, pale yule mama mrefu alipowapanga mezani kuku sita walionyonyolewa, kuanzia mdogo hata mkubwa, akawatambulisha kwa majina ya mzaha kama ndugu wa kike wa nyumba moja: wa mwanzo binti wa kubanikwa upesi juu ya makaa, wa tatu ndiye wa oveni hasa, na wa mwisho bibi kizee asiyefaa ila chungu cha maji. Watazamaji hucheka, na wakiisha kucheka husahau. Ilhali katika mzaha ule mna sheria nzima ya mapishi haya, na ndiyo sheria niliyoivunja mimi hapa Mau Narok mbele ya wakwe zangu, nikafedheheka.

Kuku wa siku ile nilimnunua sokoni kwa mama mmoja aliyemfunga miguu kwa kamba ya mkonge, kuku wa kienyeji wa kilo mbili na kitu, mwenye magamba makavu miguuni na kucha zilizopinda kwa wingi wa kuchakura. Nilimpangusa akakauka, nikamsugua siagi ndani na nje, nikamtia katika oveni yenye moto wa digrii karibu 220 kwa robo saa, kisha nikapunguza hata 175, na kila dakika nane au kumi nikamfungulia mlango na kumnywesha mafuta yake mwenyewe kwa kijiko, kama kinavyoagiza kile kitabu cha mwaka 1961 ambacho Child alikitunga pamoja na Simone Beck na Louisette Bertholle. Ngozi ilitoka ya dhahabu, nzuri ajabu. Lakini mkwe wangu, ambaye nyumbani wote humwita Guka nami nikamwita vivyo, aliposhika paja alivute, paja halikuja. Alivuta tena, sinia ikasogea pamoja na kuku mzima. Akaliachia taratibu, akafuta vidole, akasema kwa upole ulioniuma kuliko karipio, “Mwalimu, huyu ameiva nguo tu.”

Sasa, mtu aliyezaliwa pwani kama mimi hana udhuru katika kosa hili, maana lugha yake ilikwisha kumfundisha kabla ya televisheni kubuniwa. Mswahili hasemi kuku akanyamaza. Husema kifaranga, na akishapata manyoya ya haja humwita faranga, na akiwa dume asiyejua bado kuwika humwita pora, na akiwa jike aliyekomaa humwita tembe, na akishakuwa mama wa vifaranga humwita koo, kama vile asemavyo koo la mbuzi. Majina haya hayakutungwa kwa pambo. Mnunuzi akimtuma mtoto sokoni na kumwambia alete pora, amekwisha kuamua kwamba chakula cha usiku kitakuwa cha kubanika. Akisema koo, mtoto hujua kwamba nazi itakunwa baadaye sana, kwa kuwa nyama itakaa motoni hata alasiri. Alichofanya Child kwa kuku sita na maskhara yake ni kuwapa Wamarekani, ambao wakati huo walikwisha kuzoea kununua kuku aliyefungwa katika karatasi, elimu iliyokuwa imewatoka.

Tofauti baina ya kuku mchanga na koo si ya nguvu ya meno peke yake. Kuku wa nyama wa kisasa, yule wa broila auzwaye mjini Nakuru, huchinjwa akiwa na umri wa majuma matano au sita, hajapata kutembea umbali wa kumchosha, na kano zake ni laini kiasi cha kwamba moto mkavu wa saa moja unatosha. Koo la Mau Narok limeishi miaka miwili au zaidi likipanda na kushuka miteremko ya mashamba ya viazi, na kadiri lilivyotumia miguu ndivyo tando zinazofunga nyama zilivyokazana. Tando hizo huyeyuka na kuwa ule ute unaogandisha supu ikipoa, lakini huyeyuka kwa masharti mawili, joto linalopita digrii 70 na muda mrefu wenye maji. Oveni huleta joto, bali maji huyafukuza. Basi kabla kano hazijalegea, kidari kimekwisha kukamuliwa kama kitambaa. Siagi haiwezi kulizuia hilo. Siagi hukaa juu ya ngozi, haiingii ndani ya nyama hata ukiimwaga kwa kopo, na mtu anayedhani kwamba ukarimu wa siagi utamlainisha kuku mzee amefanana na mtu apakaye rangi mlango uliooza.

Ndiposa katika jaribio la pili nikakata shauri kumtendea huyu bibi kizee kwa hatua mbili, kwanza kumtokosa kama haki yake, kisha kumvika mavazi ya yule binti wa oveni. Na hapa mji wetu ukaingia katika mapishi bila ya kuombwa.

Mau Narok iko juu ya safu ya Mau, yapata meta 2,800 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa kimo hicho hewa imepungua uzito wake kwa zaidi ya robo, hata maji yanatokota kwenye digrii 90 au 91 badala ya 100 za Mombasa. Wenyeji hawahitaji kuambiwa haya na mwalimu. Kila mwenye kupika githeri huku anajua kwamba maharagwe ya jioni huanza kuchemka asubuhi. Watu huihesabu hali hii kuwa hasara, na kwa maharagwe ni hasara kweli. Kwa koo la kuku ni neema. Maji yanayotokota kwa fujo ya digrii 100 hupasua ngozi, huivua mifupa ya miguu, na mpishi wa pwani hana budi kusimama akipunguza moto kila mara. Huku kwetu sufuria ikitokota kadiri ipendavyo haiwezi kupita digrii 91, na ngozi hubaki nzima. Gharama yake ni muda. Ndege ambaye Mombasa ningalimtokosa kwa saa moja na nusu, hapa alichukua saa mbili na dakika arobaini, pamoja na kitunguu, karoti mbili, tangawizi, chembe za pilipili manga na chumvi, maji yakiwa yamemfunika kidari kwa kidole kimoja tu. Kipimo changu hakikuwa saa bali ncha ya sindano ya kushonea magunia, niliyoichoma penye kiungo cha paja na mgongo: mwanzo ilinasa, baadaye ikaingia kama katika kiazi.

Alipotoka majini alikuwa amelowa, mweupe, wa kusikitisha. Lau ningalimtia motoni vile vile, moto wote wa mwanzo ungalikwenda katika kazi ya kukausha ngozi, maana maji yakiwapo juu ya ngozi joto lake haliwezi kuzidi lile la kutokota, na wekundu wa nyama iliyookwa hautokei vizuri ila katika digrii 140 na kuendelea. Hivyo nilimtundika kwa kamba barazani, chini ya kichungio cha wavu, alasiri moja ya Julai yenye upepo kutoka msituni, kwa muda wa saa mbili. Hewa nyepesi hunyonya maji upesi. Ngozi ilivutwa ikakaza, ikawa kama karatasi ya ngoma, na nilipoigusa kwa kidole ilitoa mlio mdogo mkavu.

Katika habari ya mafuta nilimwacha Child nikamfuata Graham Kerr, yule Mwingereza aliyetoa vipindi vyake huko Ottawa, Kanada, baina ya mwaka 1969 na 1971, akiingia jukwaani kwa kuruka kiti na gilasi ya mvinyo mkononi. Mvinyo wake simo. Lakini huyu bwana alipenda kukaangia siagi iliyosafishwa, na siagi iliyosafishwa ni samli, ambayo bibi zetu waliichemsha na kuichuja miaka mingi kabla ya Ottawa kuisikia. Siagi ya kawaida ina mafuta kiasi cha asilimia 80, na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji, pamoja na chembe za maziwa zinazoungua na kuwa nyeusi na chungu moto ukizidi. Mtu aliyehangaika saa mbili kukausha ngozi akaipaka siagi, amerudisha maji kwa mkono wake. Nikapaka samli vijiko viwili, nikaiweka siagi kando mpaka wakati wake.

Palibaki swali la moto. Oveni yangu ni ya gesi, huwaka chini tu, na kitasa chake kina nambari zisizojua maana ya digrii. Juu ya kuku haifanyi kazi ya haja. Guka, ambaye katika ujana wake alikuwa toto wa jikoni katika nyumba ya mlowezi mmoja wa ngano, aliniambia kwamba mpishi mkuu wao alipima oveni ya kuni kwa kipande cha karatasi nyeupe: ikikunjika nyeusi, subiri, ikigeuka polepole rangi ya biskuti, tia nyama. Nilifanya hivyo, nikapata biskuti chini na weupe juu. Nikaacha oveni, nikarudi kwetu pwani.

Yaani nilimpalia. Kupalia ni kutia makaa ya moto juu ya kifuniko, kama ufanyavyo wali ukikaukia, na ni oveni kamili kwa mwenye sufuria nzito na subira. Nilitandaza mawe matatu madogo ndani ya sufuria ili kuku asiguse chini, nikafunika, nikaweka makaa machache chini na theluthi mbili zote juu. Makaa ya huku huwaka kwa uvivu, kwa kuwa hewa iliyopungua uzito imepungua pia kile kinachoulisha moto. Basi mtoto wa jirani alikaa na kipepeo akipepea dakika ishirini na tano bila ya kuacha, kwa ujira wa mabawa yote mawili.

Hapa sikio lilinifaa kuliko jicho. Katika miaka ya mwanzo ya vipindi vya Child picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, mtazamaji hakuweza kuona udhahabu wa ngozi hata mpishi angalimwinua kuku mbele ya kamera, kwa hiyo alihitaji dalili nyingine, mlio wa mafuta, ulegevu wa paja, rangi angavu ya maji yanayochuruzika. Nami kifuniko kilinifumba macho vile vile. Mwanzo sufuria ilitatarika kwa mlio wa kurukaruka, ishara kwamba maji yangalipo. Baadaye mlio ukashuka ukawa wa chini, wa mfululizo, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nikafunua wakati huo. Nilichelewa kidogo, mgongo ulikuwa umeshika weusi wa ukubwa wa sarafu, nao niliugeuza upande wa ukutani.

Ukoko wa chini niliulegeza kwa vikombe viwili vya ile supu nikikwangua kwa mwiko, nikaiacha ipungue hata ikabaki nusu, nikatia malai na maji ya ndimu, na moto ukiwa umeondolewa ndipo siagi ikapata zamu yake, vipande vinne vya baridi vikikorogwa kimoja baada ya kimoja. Hapo ndipo mahali pa siagi katika mapishi haya, katika mchuzi, ambako itaonjwa, ambako haiungui. Kandokando niliweka viazi vya Shangi vilivyopondwa na kukaangwa kama mkate. Na kwa kuwa mtu hakosi kuniambia kila ninapomtaja Child kwamba ndiye aliyemdondosha kuku sakafuni akamwokota, nasema kwa insafu: hakuwa kuku, wala haikuwa sakafu. Kilikuwa kiazi. Alikuwa akigeuza mkate wa viazi katika kikaango, kikaponyoka kikamwagika juu ya jiko, akakirudisha akaendelea na maneno yake. Wakulima wa Mau Narok niliowasimulia wameona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa.

Guka alishika paja lile lile la kulia. Halikuhitaji kuvutwa, mfupa ulimjia mkononi mtupu, nyama ikabaki katika sahani, naye akautazama mfupa kidogo kama mtu aliyepewa chenji zaidi ya haki yake. Hakusema neno, akaomba mchuzi.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alikuwa ameonja ile supu jikoni kabla kuku hajatundikwa barazani, na baada ya kula kidogo kidogo, kwa adabu, alisema kwamba kuku alikuwa mzuri, lakini yeye angaliishia kwenye supu.

Nimelifikiri neno lake tangu siku ile, na katika kidari, ambacho kilitoka kikavu kuliko nilivyotaka, sina jibu la kumpa.