Maji Yaliyoharibu Chapati za Malenge

Mliokuwa uani kwetu mtaani Fedha Jumapili mliona wenyewe: malenge yalitoka jikoni yakielea, yakamiminwa kwenye unga pamoja na maji yake, yangali yanafuka. Chapati zilikufa hapo, kabla mtu hajagusa kibao.

Boga sehemu kubwa ni maji. Ukilimenya, ukalikatakata vipande vidogo na kuvizamisha kwenye sufuria iliyojaa, vinakunywa maji zaidi na utamu wake unahamia kwenye mchuzi ule. Mpishi hakutaka kuumwaga, na hapo namwelewa. Lakini donge likawa uji, akaongeza unga. Likanata vidoleni, akaongeza tena. Kila konzi ilifukuza rangi na ladha, mpaka tukaletewa chapati nyeupe zenye madoa ya manjano, ngumu kabla ya saa kumi. Na kwa kuwa malenge yalikuwa moto, alikoroga kwa mwiko. Mwiko haumwambii mtu donge limetosha lini. Mkono ndio unaojua.

Usukumaji ulikuwa safi, na matabaka yalionekana. Boga pia lilichaguliwa vizuri, ganda gumu na kikonyo kikavu, ndiyo maana naumia.

Nyanya yangu alikata boga na ganda lake, vipande vya ukubwa wa kiganja, akavipanga ganda chini. Maji kikombe kimoja tu, kifuniko kizito juu, mvuke ukafanya kazi. Alikwangua nyama kwa kijiko, akaiponda, akaiacha ipoe kabisa. Kisha alitia unga kwenye malenge, kidogo kidogo, mpaka donge likaacha kushika mkono. Tone la maji halikuongezwa. Hata Wapwani wenye boga la nazi huliivisha kwa tui jepesi linaloliwa lote, na tui zito huja mwisho.

Nimelisema hapa na nitalirudia: boga la batanati, lililozalishwa Massachusetts miaka ya 1940, libaki kwenye supu na vyakula vya watoto wachanga. Chapati inataka boga la ungaunga, lile la ganda la kijani wanalolipasua kwa panga sokoni Marikiti.

Mbegu nazo zilitupwa pipani pamoja na maganda. Nilizitoa, nikaziosha, na sasa zimeanikwa kwenye ungo dirishani kwangu.