Benchi Lililowahi Kuwa Jahazi

Ukiletewa benchi la mbao za jahazi, usilikalie kwanza. Lipindue. Upande wa chini ndio ambao muuzaji hakuhangaika kuupamba, na ndiko utakakoona viungo vilivyochongwa, misumari iliyotumika, na kama ubao ule uliwahi kuiona bahari au ulitoka kiwandani mwezi uliopita.

Samani za mbao za majahazi zimeshika soko pwani yetu, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Unguja, na siku hizi utazikuta kwenye bustani za Nairobi na Arusha. Mimi nafurahi kuziona. Chombo kilichochukua boriti, nazi na chumvi miaka nenda miaka rudi, badala ya kuozea ufukweni au kugeuzwa kuni, kinapata watu wa kukikalia chini ya mwembe. Lakini katika mabenchi mengi niliyoyakagua, mabaya yamezidi mazuri, na kosa lao ni moja: fundi ameipenda mbao kwa ukuukuu wake bila kuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani.

Ndani ya jahazi kila kipande kina kazi. Mkuku ndio uti wa mgongo, unabeba chombo chote na ndio unaokaa mchangani maji yakitoka. Kwa hiyo fundi huuchagulia mti mgumu, mrefu, kama mbambakofi. Mataruma ni mbavu. Mbao za ubavuni zimepigiliwa juu ya mataruma hayo: mvule au mninga kwa mwenye uwezo, mwembe kwa asiye nao, na katika majahazi makubwa ya zamani hukutwa msaji ulioletwa kutoka India. Ukishajua hayo, nusu ya kazi ya kuhukumu benchi umeimaliza, kwa sababu swali la kwanza ni hili: je, ubao umepewa kazi inayofanana na ile uliyoizoea?

Chukua taruma. Fundi wa majahazi hatwai ubao mnyoofu akaukata kwa upinde. Huenda mikokoni au msituni akatafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe, mkomafi kwa mfano, ili nyuzi za mti zifuate mpindo kutoka ncha hadi ncha. Kisha huuchonga kwa tezo, kidogo kidogo, hadi ukae sawasawa na ubavu wa chombo. Kipande cha namna hiyo kina nguvu ambayo ubao wa msumeno hauwezi kuwa nayo. Fundi mzuri wa mabenchi hukitumia mahali penye mzigo mkubwa, yaani mguu wa nyuma unaopanda hadi kuwa egemeo, au mkono wa kuwekea kiwiko. Fundi asiyejua hukigawanya vipande kikawa vijiti vya kupambia, kisha miguu anaikata kwa msumeno kutoka ubao mnyoofu.

Nililijua hilo kwa gharama. Benchi langu la kwanza lilikuwa na miguu ya nyuma iliyopinda vizuri kama shingo ya korongo, nami niliisifu kwa kila mgeni. Masika ya pili mguu mmoja ulikatika mtu akiwa amekaa. Niliupeleka kwa mzee mmoja wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu. Baada ya shikamoo na marahaba aliugeuza mkononi mara moja tu. "Mwanangu," akasema, "mguu huu haukupinda. Umepindishwa na msumeno." Akanionyesha kwa ukucha: nyuzi za mti zilikwenda moja kwa moja na kutokea ubavuni pale pale penye mpindo, na ndipo ulipokatika.

Kipimo hicho unaweza kukifanya dukani. Lowesha kitambaa, pangusa ubavu wa mguu, na nyuzi zitajitokeza. Zikienda na mpindo, endelea na ukaguzi. Zikitokea nje penye mpindo, benchi hilo litakuangusha siku moja, hata kama sehemu nyingine zote ni safi.

Sasa tuje kwenye ukweli wa ubao, maana wapo wanaochukua mbao mpya, wakazipaka rangi tatu, wakazipiga msasa na kuziita jahazi. Ubao wa ubavuni una matundu ya misumari yaliyojipanga kwa mistari inayoukata ubao, na nafasi kati ya mstari na mstari ni ile ile iliyokuwa kati ya taruma na taruma. Kila tundu limezungukwa na weusi ulioingia ndani, kwa kuwa chuma na maji ya chumvi hutia madoa kwenye mti kwa miaka mingi. Matundu ya kughushi huwa masafi, mekundu ya mbao mbichi, yametawanyika ovyo. Pembeni mwa ubao, pale ulipokutana na mwenzake, tazama kama pamba ya kalafati imebaki kwenye mshono. Kwangua rangi mahali pasipoonekana: utakuta buluu juu ya kijani, kijani juu ya nyeupe, kila moja na unene wake, na chini kabisa mti uliokunywa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya mafuta hayo haitoki. Liache benchi juani saa sita mchana, nayo itakupanda puani. Baadhi ya wanunuzi hulalamika juu yake; mimi naihesabu kuwa hati ya uzawa wa ubao.

Pande mbili za ubao wa kweli hazifanani. Wa ndani, hasa uliotoka karibu na ngama, pale maji yanapojikusanya ndani ya chombo, ni mweusi na umelainika. Wa nje una mabaki ya deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu wanaopaka chini ya chombo, na mara nyingine una alama za kubabuliwa, kwa sababu mabaharia hukiinua chombo mchangani wakakipitishia moto wa makuti ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao. Ukiona weusi huo wa moto, usimruhusu fundi kuupiga msasa ukaisha.

Kuhusu hao wadudu, watu huogopa kisichofaa kuogopwa. Mtoboaji wa baharini, ambaye kwa kweli ni jamii ya chaza mwenye umbo la funza, huchimba njia ndefu zinazofuata nyuzi za mti, na ndani ya njia hizo huacha ganda jeupe kama chokaa. Nje ya maji ya bahari hufa. Njia zake za zamani, zikiwa chache na zisizokula unene wa ubao, ni pambo halali. Wa kuogopwa ni yule wa nchi kavu. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya, mweupe, uliomwagika chini ya kila tundu, jua kwamba kuna kiumbe anakula humo ndani leo, na atahamia kwenye milango yako. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza hunyamaza. Kisha choma kwa ncha ya kisu kwenye miisho na pembeni mwa matundu ya misumari. Ncha ikizama bila nguvu, rudisha.

Nina neno jingine hapa, maana wengi hudhani ubao uliokaa chini ya maji ndio mbovu kuliko wote. Mara nyingi ni kinyume. Ukungu unaoozesha mbao hupenda maji baridi ya mvua, na maji ya chumvi huuzuia. Kwa hiyo mbao za juu, za sitaha na za ukingo, ambako mvua hutuama, huoza mapema, huku za chini zikibaki ngumu ikiwa mtoboaji hakuzipata. Fundi anayelijua hili huchagua kalio la benchi kutoka chini ya chombo, na za juu huziweka kwenye egemeo, mahali maji yasipokaa.

Chumvi iliyozuia kuoza, hata hivyo, ina madai yake. Ubao uliojaa chumvi huvuta unyevunyevu wa hewa na kula chuma. Fundi mwangalifu huacha mbao zake zinyeshewe masika nzima, kisha huzikausha kivulini, zimepangwa na vipande kati yake ili upepo upite. Muulize kama alifanya hivyo. Halafu tazama vifungo. Misumari ya kawaida katika mbao za jahazi itaanza kulia kutu ndani ya miezi, na michirizi myekundu itateremka hadi kwenye nguo za wageni. Nataka kuona skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Na bora kuliko hizo ni kiungo cha ulimi na tundu, kilichofungwa kwa kijiti cha mti mgumu kilichopigwa kupenya pande zote mbili. Kiungo hicho kikilegea, kinagongwa kikakaza. Skrubu iliyolegea kwenye tundu lililooza haina dawa.

Baada ya hayo yote ndipo ukae. Kalio liwe na kimo cha sentimita 43 hadi 45 kutoka ardhini na kina cha sentimita 40 na kitu. Likizidi hapo, mama yako akikaa miguu itaning'inia. Egemeo lilale nyuma kidogo. Kati ya ubao na ubao pawe na upenyo wa milimita 5 au 6 wa kupitisha maji, maana kalio lililofungamana ni birika. Kaa kwenye ncha moja, kisha nyingine, kisha jitikise. Mbao za ubavuni zina mpindo wa asili, na fundi hodari huugeuza mpindo huo uwe bonde dogo la kukalia. Asiye hodari huuranda ukaisha, na hapo jahazi lote limekwenda na maranda. Miguu isiguse udongo. Mwisho wa ubao hunywa maji kama mrija, kwa hiyo kila mguu ukae juu ya jiwe.

Rangi kuukuu inahitaji tahadhari ya dhati. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na zile za chini ya maji zilitiwa sumu ya kuzuia viumbe wa baharini. Vipande vinavyobanduka viondolewe kwa kukwangua vikiwa vimeloweshwa, kinywa na pua vikiwa vimezibwa, wala mabaki yasichomwe. Benchi la watoto lisiwe na rangi inayomeguka hata kidogo. Vanishi nzito sipendi kwenye bustani: jua la pwani huipasua, maji huingia chini yake, na mti hubaki umefungiwa unyevu. Mafuta ya kitani kila mwaka kabla ya masika yanatosha.

Vipambo vingine vya bustani nitavipitia upesi. Mtumbwi uliopasuka ukifanywa kitalu cha maua ni mzuri, mradi una matundu ya kutolea maji. Jahazi lililokatwa katikati na kusimamishwa kuwa kabati silipendi. Boriti za zamani za mikoko, zile zilizowahi kubeba dari za nyumba za mawe, zinafaa kwa kivuli cha kupandishia mimea, kwa kuwa zimezoea kubeba. Na kwa anayependa mbao zisizooza kabisa, mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini FlipFlopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Mbao za namna hiyo zinafaa kwa mabenchi pia, ila hulegea kwa joto, kwa hiyo kagua kama nguzo zake zimekaribiana.

Baraza la mawe ndilo benchi letu la asili, na mawe ya matumbawe yaliyookotwa kwenye magofu hutengeneza baraza zuri la bustani. Kipimo chake ni kimoja: limejengwa kwa chokaa au kwa saruji? Chokaa hupumua. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe laini, na baada ya miaka michache jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya plasta iliyo nzima.

Limebaki jambo ninaloliona zito kuliko yote. Samani hizi zikipanda bei, mmiliki hupata tamaa ya kuvunja chombo ambacho kingetiwa mataruma mapya na kalafati kikasafiri miaka kumi zaidi. Ni hivyo hivyo kwa milango na fremu zinazong'olewa kwenye nyumba ambazo bado zinakaliwa, katika miji kama Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001. Sehemu iliyong'olewa penye uhai si kuukuu, na benchi lililotokana nayo ni baya hata likiwa na viungo vya dhahabu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa muulize fundi chombo kilikuwa cha aina gani, kilivunjwa wapi, na kwa nini hakikutengenezeka. Fundi wa kweli atakujibu kwa furaha, na pengine atakuonyesha ubao upi ulikuwa omo na upi tezi. Asipojua, rudi nyumbani na pesa zako.