Sarafu Isiyo na Uso

Ukishuka matatu Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong, makanga atakurudishia chenji bila kuitazama, nawe utaitia mfukoni vivyo hivyo. Sijui sanaa nyingine inayopita mikononi mwa watu wengi hivyo na kutazamwa na wachache hivyo.

Mchonga sarafu hufanya kazi kinyume: kinachoinuka kwenye sarafu yeye hukichimba ndani ya chuma, na kushoto kwake ndiko kulia kwetu. Warumi walikuwa mabingwa. Shaba za Nero zina kichwa chake upande mmoja, shingo nene, kidevu kimejaa. Kuna zilizobeba upande wa pili bandari nzima ya Ostia, merikebu zimo ndani. Mkulima wa jimbo la mbali, asiyetarajia kuiona Roma, aliishika dola kiganjani.

Waingereza waliirithi hila hiyo, Kilatini na yote. Lakini senti kumi yao ya shaba, iliyotumika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1920, ilitobolewa katikati, mahali pa kichwa cha mfalme. Fundi akalizungushia tundu pembe mbili za ndovu. Upande wa pili akaweka taji na jina tu. Ndiyo maana Edward wa Nane, aliyeacha kiti Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, ametajwa kwenye senti zetu za mwaka huo, ilhali kwao Uingereza sarafu za sura yake hazikutolewa zitumike.

Pwani ilikwisha kuonyesha kwamba uso si lazima. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilibeba maandishi matupu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili tamko la kumtegemea Mungu, na pande hizo zina vina. Ukiigeuza sarafu, ubeti unatimia.

Kenya huru ilirudia vichwa: Mzee Kenyatta mwaka 1966, kisha Moi, kisha Kibaki kwenye shilingi 40 ya 2003. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, ikakataza picha ya mtu yeyote, na Desemba 2018 wakaingia twiga, kifaru, simba na ndovu.

Kwangu mimi, hapo fundi amepewa mtihani mgumu zaidi. Mtawala hutambulika na kuogopwa hata akichongwa ovyo. Twiga wa shilingi moja hana askari wa kumtetea. Akikosewa shingo, mtoto yeyote atamcheka.