Baridi ya Longisa Haitoshi: Kuchagua Ubao Mama na Kipoza Joto cha Kompyuta Ndogo ya Gemu

Vijana wanaojenga kompyuta za gemu huku Bomet hupenda kujipa moyo kwamba mashine zao hazitachemka kwa sababu kwetu ni baridi. Ni kweli nusu. Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Feni huzunguka kwa kasi ileile lakini uzito wa hewa inayosukumwa ni mdogo, na uzito huo ndio unaobeba joto. Sema kipoza kinaiacha prosesa ipande nyuzi 50 juu ya joto la chumba kule pwani. Hapa kwetu Longisa, Bomet, itapanda 55, pengine na zaidi. Asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 16 hutaona shida yoyote. Saa nane mchana, chini ya mabati yasiyo na dari, utaiona.

Kwa hiyo anza na kipoza, ubao ufuate. Na kabla ya kipoza, jua kasha lako linaruhusu urefu gani kutoka juu ya prosesa hadi ukutani mwa kasha. Kipimo hicho huandikwa na mtengenezaji. Usikikadirie kwa macho. Noctua NH-L9a ina urefu wa milimita 37 tu, Thermalright AXP90-X47 ina 47, na kile kipoza cha AMD kinachokuja bure na Ryzen 5 nyingi, Wraith Stealth, kina 54. Wengi hukidharau hicho cha mwisho. Mimi ningekiacha kazini kwa prosesa ya wati 65 iwapo kasha lina nafasi, nitumie pesa za kununulia kipoza kingine kwenye ubao, ila kelele yake mchezo ukipamba moto si ya kusifia.

Ukikishika kipoza dukani, kigeuze. Kitako kinachogusa prosesa kiwe laini na tambarare. Weka ukingo wa rula juu yake na utazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya katikati, grisi ndiyo itakayojaza pengo, na grisi hupitisha joto vibaya zaidi kuliko shaba. Kisha fuata mirija ya shaba inapoingia kwenye mapezi. Shika pezi moja polepole kwa kidole: likicheza kwenye mrija, limebanwa tu na halijashikana vizuri. Mwisho tazama nafasi kati ya mapezi. Yaliyosongamana sana hupendeza kwenye picha, lakini ukikaa karibu na barabara ya murram, vumbi jekundu la Januari litayaziba mapema, na feni nyembamba ya milimita 14 haina nguvu ya kulisukuma. Kipande cha soksi nyembamba za nailoni kwenye matundu ya kasha husaidia, mradi ukioshe.

Sasa ubao. Mini-ITX, umbo lililoletwa na VIA mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170 kila upande. Kila kitu kimebanana hapo, na ubora hujificha kando ya soketi, kwenye saketi zinazoishushia prosesa stima. Tafuta zilizofunikwa kwa bonge halisi la alumini lenye mifereji, si kifuniko cha plastiki chenye taa. Bonge hilo likiwa refu mno, hata hivyo, linaweza kugongana na kipoza kipana, ndiyo sababu ninasema vitu hivi viwili huchaguliwa pamoja. Kuna jambo jingine linalosahaulika: kipoza kinachopuliza chini huzipoza saketi hizo bila gharama ya ziada. Ukifunga cha maji, hewa hiyo inatoweka, na ubao mdogo unabaki kuungua kimyakimya huku prosesa ikionyesha nyuzi za kupendeza.

Kwa aliye mbali na Nairobi, ubao wenye kitufe cha kusasisha bayosi bila prosesa una thamani zaidi kuliko taa zote za rangi. Ubao wa B550 uliokaa stoo tangu 2020 unaweza kukataa kuiwasha Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022, na hapa Longisa utamwazima nani prosesa ya zamani? Kitufe na flashi ya USB hukumalizia kazi.

Pini nazo zikaguliwe. Soketi ya AMD ya AM5 ina pini 1,718 ndani ya ubao wenyewe. Washa tochi ya simu, uitazame kwa upande kama unavyotazama shamba la chai lililochumwa juzi: juu ni sawa kabisa, na palipoinama hujitokeza penyewe. Pini moja iliyolala inatosha kukunyima upande mzima wa ram. Kwa AM4, soketi iliyoitangulia, pini ziko chini ya prosesa, basi igeuze uzikague, hasa ikiwa ilitumiwa na mtu kabla yako.

Neno moja kuhusu zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk ndogo za ofisi zinazouzwa mtumba. Bei yake inavutia, na kwa gemu nyepesi zinatosha. Ila usizinunue kwa nia ya kubadilisha ubao baadaye: nyingi zina plagi za stima na matundu ya skrubu ya kampuni yenyewe, na Mini-ITX haitaingia bila kukata chuma.

Mzigo unaoagizwa kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, hufika Bomet kwa matatu, na si kila dereva hujua kilicho ndani ya sanduku. Mwombe muuzaji afungue, apige picha soketi na kitako cha kipoza, na nambari za bidhaa zionekane, kabla hujatuma M-Pesa. Akikataa, tafuta duka jingine.