Lugha ya Makosa: Uhakiki wa Ujumbe wa Zana za Kujengea Programu

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya tunakusudia kuchambua maandishi ambayo bado hayajahesabiwa kuwa utanzu: sentensi ambazo kompyuta humwandikia mtu pale kazi yake inapokwama. Tutajifunga na zana zinazoendeshwa kwa kuandika amri, hasa make na kompaila, ambazo hugeuza matini ya mwanaprogramu yakawa programu kamili. Hoja yetu ni kwamba kasoro kuu ya sentensi hizi si ya istilahi bali ni ya sarufi, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza kosa ambao bado haujatumiwa.

Tumfikirie msomaji aliyeko Sericho, upande wa Garba Tula katika kaunti ya Isiolo. Lugha yake ya kwanza ni Kiborana. Kiswahili amekipata shuleni na sokoni. Kiingereza ni lugha yake ya tatu, nacho ndicho anachokutana nacho kwenye kioo. Hana jirani wa kumwuliza. Kwake, ujumbe wa kosa ndio mwalimu pekee aliyepo.

Make iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara ya Bell, Marekani. Faili lake la maagizo hutaja kitu kinachotakiwa, vitu vinavyopaswa kukitangulia, na amri za kukitengeneza. Kwa kawaida, kila mstari wa amri sharti uanze kwa alama ya Tab; nafasi tupu hazikubaliki, ijapokuwa kwa macho weupe ni ule ule. Feldman alieleza baadaye kwamba wakati huo alikwisha kuwa na watumiaji wapatao 12, akachelea kuwavurugia kazi. Leo mwanafunzi akikosea huambiwa kwamba kitenganishi kimekosekana. Kitenganishi gani, na kinatenga nini na nini? Toleo la GNU limeongeza swali: je, ulikusudia Tab badala ya nafasi 8? Lakini swali hilo huulizwa tu pale mstari unapoanza kwa nafasi 8. Aliyeweka nafasi 4 huachwa gizani. Huko ni kumwandikia anayejua tayari.

Sasa tuangalie kitenzi. Kiswahili hutofautisha bila taabu hali ambazo fundi hana budi kuzitofautisha. Faili halipo: mahali palipotajwa hapana kitu. Faili halikupatikana: lilitafutwa, na utafutaji umekwisha. Faili halijapatikana: huenda likatengenezwa baadaye. Faili halisomeki: lipo, lakini ruhusa haipo au limeharibika. Kila kauli yaelekeza tiba yake. Mtafsiri anayetumia kauli moja kwa zote nne humnyima msomaji nusu ya utambuzi wa ugonjwa.

Kizuizi kikubwa ni upatanisho wa ngeli. Aghalabu ujumbe huandikwa kama kiolezo chenye pengo, na jina la kitu hutiwa humo kazi ikiendelea. Mtafsiri hajui kama pengo litajazwa na faili, programu au kitufe. Basi aandike halikupatikana, haikupatikana au hakikupatikana? Dawa ni kutanguliza nomino inayotawala upatanisho: «Kitu kiitwacho X hakikupatikana», na pale aina yake inapojulikana: «Faili X halipo, wala hakuna kanuni ya kulitengeneza, linahitajiwa na Y.» Sentensi hii ni ndefu, lakini inajibu maswali matatu: nini kimekosekana, kwa sababu gani, na nani anakihitaji. Tena hutanguliza jina na kuweka uamuzi nyuma, mpangilio usio mgeni kwa msemaji wa Kiborana, lugha ambayo kitenzi chake hukaa mwishoni.

Kasoro nyingine ni ya usimulizi. Alama moja ikisahaulika mwanzoni mwa matini, kompaila huweza kutoa malalamiko mengi, na kioo hubaki kikionyesha ya mwisho. Kosa lenye maana mara nyingi ni la kwanza. Mfugaji aliyepotelewa na ngamia hurudi pale nyayo zilipoonekana mara ya mwisho. Haanzi pale alipochokea. Ujumbe mzuri ungemrudisha msomaji huko juu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo ilimhudumia anayetumia programu, si anayeijenga. Tangu hapo mijadala yetu imeelemea majina, kama vile tarakilishi dhidi ya kompyuta, huku sentensi ikisahauliwa.

Wako watakaosema kwamba tafsiri itamtenga mwanafunzi na msaada ulioandikwa kwa Kiingereza. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu: zana zilizotafsiriwa kwa utaratibu wa gettext hurudi kwenye Kiingereza zikiendeshwa kwa kutanguliza LC_ALL=C. Mwanafunzi aweza kusoma kwa lugha anayoielewa, kisha akatafuta kwa ile nyingine.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao, kwa kuwa swali la -ku- na -ja- ni letu. Idara zetu zikilikwepa, kijana wa Sericho ataendelea kudhani kwamba aliyeshindwa ni yeye, kumbe iliyoshindwa ni sentensi.