Mpira Usiodondosha Tone

Gari la zamani la petroli likigoma kuwaka, kabureta ndiyo hufunguliwa kwanza. Ipo juu, mkono unaifikia, ina skrubu nyingi, na mwenye gari akiiona imetawanywa kwenye gazeti anaamini kazi inafanyika. Land Rover Series III ninayoichambua hapa, ile fupi ya inchi 88 yenye injini ya petroli ya cc 2,286, ilifikishwa gereji moja ya Arusha baada ya kabureta yake kufunguliwa na kufungwa kwingine zaidi ya mara moja. Kila ilipofungwa, gari liliwaka. Kesho yake asubuhi stata ilipigwa mpaka betri ikachoka.

Huko kuwaka ndiko kulikowapoteza watu. Fundi akimaliza kusafisha kabureta, mara nyingi humimina petroli kidogo kwenye bakuli la boya, akafunika, akapiga stata. Injini inawaka kwa petroli aliyoimimina yeye mwenyewe. Kama hitilafu ya njia ya mafuta ni ndogo, pampu huwahi kushika kazi kabla bakuli halijakauka, na gari linaondoka likinguruma vizuri. Sifa zote zinakwenda kwa usafishaji.

Safari hii kabureta haikuguswa kwanza. Baada ya kupiga stata kwa muda, fundi alichomoa plagi moja: kavu, haina hata harufu ya petroli. Ingekuwa imelowa, shaka ingehamia kwenye umeme au choki iliyong'ang'ania. Akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, cheche ya bluu ikaruka. Moto upo, mafuta hayafiki.

Gari hizi, zilizotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, zina pampu ya kimakanika ubavuni mwa injini, inayoendeshwa na kemshafti. Pampu ya gari hili ilikuwa bado na kikombe chake cha kioo, pamoja na kimkono cha kupampia kwa kidole. Kimkono hicho kimewafanya wengi watupe pampu nzima bure. Kemshafti ikisimama pale inapoibana pampu hadi mwisho, kimkono hulegea na hakivuti kitu. Unazungusha injini kidogo, unajaribu tena. Fundi alifanya hivyo, akapampu huku akimulika kioo kwa tochi. Petroli ilipanda, na viputo vikapanda nayo, kimoja kimoja kwanza, kisha kundi zima, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

Hewa ilikuwa inaingia mahali. Gasketi ya kikombe ilikuwa bado laini. Mfuniko wa tangi haukuwa na kesi: tundu lake la kupumulia likiziba, mafuta hukatika, lakini haliingizi hewa kwenye kioo.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoihesabu kuwa kiini cha kazi yote. Aliuchomoa mpira unaotoka tangini, akafunga kwenye pampu mpira mpya mfupi, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye dumu la petroli safi. Dumu liliwekwa sakafuni, mbali na ekzosi. Angeliweka juu ya bodi, petroli ingeshuka yenyewe na hata pampu mbovu ingefaulu mtihani. Stata ikapigwa, injini ikawaka, kioo kikabaki bila kiputo, na haikuzima. Kwa jaribio hilo moja pampu, sindano ya boya na jeti zote zilitoka kwenye orodha ya washukiwa, bila skrubu hata moja ya kabureta kufunguliwa.

Ilibaki njia ya kutoka tangini hadi kwenye pampu, na sehemu hiyo ina hila yake, kwa sababu hunyonya. Ufa ukiwa mbele ya pampu, petroli inasukumwa nje na pua inakwambia. Ukiwa nyuma yake, hewa ndiyo inayoingia. Nje panabaki pakavu, hakuna harufu, hakuna doa chini ya gari. Usiku, hewa hiyo hiyo huiachia petroli irudi tangini, na asubuhi pampu inaanza kuvuta paipu tupu.

Betri ikachomolewa kabla ya kugusa viungo. Ule mpira uliounganisha paipu ya chuma na pampu ulikuwa wa maji, si wa mafuta, umekauka kama mti, na ufa wake ulijificha chini ya klipu. Ukiwa umenyooka huoni kitu. Ukiukunja, unafunguka.

Kuubadilisha kulichukua dakika chache. Kilichokula mchana ni kabureta ya Zenith yenyewe: kwa kukazwa kupita kiasi kila ilipofunguliwa, mfuniko wake ulikuwa umepinda, na injini ilitetemeka kwenye silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikabidi usuguliwe kwa msasa laini juu ya kioo bapa mpaka ukalie sawa, oringi mpya iwekwe, na silensa ipangwe upya.