Kidosho Amepita: Nguo za Ndani Jukwaani na Sarufi ya Utu

Tarehe 15 Novemba 2001 kituo cha televisheni cha ABC, nchini Marekani, kilitangaza kwa mara ya kwanza onyesho la kila mwaka la Victoria's Secret, kampuni iuzayo nguo za ndani za wanawake. Watu zaidi ya milioni 12 walilitazama, na malalamiko yakafika kwenye tume ya serikali inayosimamia utangazaji. Mwaka uliofuata onyesho lilihamia CBS, na chama cha wanawake kiitwacho National Organization for Women kikalipinga hadharani. Tangu hapo wasemaji wamegawanyika. Wako wanaoshikilia kuwa hiyo ni sanaa ya mavazi kama nyingine yoyote, na wako wanaoiita soko la miili. Ukichunguza hoja zao utaona kwamba pande zote mbili hutumia kipimo kimoja, yaani kiasi cha ngozi kinachoonekana. Upande mmoja huihalalisha ngozi hiyo na wa pili huiharamisha. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutiliwa shaka.

Dai la kwamba ni mitindo linastahili kupimwa kwanza, maana ni rahisi zaidi. Katika maonyesho ya Paris au Milano mwanamitindo hubeba kazi ya mbunifu. Mhakiki huandika juu ya mkato, kitambaa, mshono, na jinsi vazi la mwaka huu linavyojibu la mwaka jana. Jina linalotajwa ni la aliyelibuni. Katika onyesho la Victoria's Secret la miaka ya 1995 hadi 2018 ni nadra kusikia habari ya mshono. Kilichokumbukwa ni mabawa makubwa ya manyoya, ambayo hakuna mwanamke aendaye nayo kazini, na sidiria ya vito ambayo bei yake ilitangazwa kabla ya onyesho. Ile iliyovaliwa na Gisele Bündchen mwaka 2000 ilitajwa kuwa ya dola milioni 15. Nguo ambayo haikusudiwi kuvaliwa na mtazamaji si mfano wa vazi, bali ni chambo. Kwa maana hiyo onyesho hili lilikuwa tangazo la biashara lililorefushwa hadi likatosha kipindi kizima cha televisheni.

Chanzo cha kampuni kinaeleza mengi. Roy Raymond aliianzisha huko California mwaka 1977, na kama alivyosimulia mwenyewe, aliona aibu alipokwenda dukani kumnunulia mkewe nguo za ndani. Akafungua duka ambalo mwanamume angeweza kuingia bila kuona haya. Basi tangu siku ya kwanza jicho lililofikiriwa lilikuwa la mume mnunuzi, si la mke mvaaji. Leslie Wexner aliinunua kampuni mwaka 1982 akaigeuza ielekee kwa wateja wanawake, na biashara ikakua mno. Lakini onyesho lilipozaliwa mwaka 1995, katika hoteli ya Plaza mjini New York, jicho lile la zamani lilirudi na kukaa safu ya mbele.

Sasa swali la pili: je, mwanamke aliye jukwaani amefanywa kitu? Mwaka huohuo wa 1995 mwanafalsafa wa Marekani Martha Nussbaum alichapisha makala ambamo alichambua namna saba za kumfanya mtu kitu. Miongoni mwake ni kumtumia kama chombo, kumnyima uhuru wa kujiamulia, kumfanya abadilishike na mwingine kama msumari na msumari, na kutojali anavyohisi. Uchi haumo katika saba hizo. Tena Nussbaum anakiri kwamba baadhi ya namna hizi huenda zisiwe na ubaya palipo na heshima na usawa kati ya watu wawili.

Msemaji wa Kiswahili anayo njia fupi zaidi ya kulifikia jambo hili, kwa kuwa lugha yake hutenganisha mtu na kitu kwa kiambishi. Yafaa kuyatazama maneno yenyewe. Msichana mzuri huitwa kidosho, kisura, kimwana, kipusa. Yote yameingia katika ngeli ya KI-! Kipusa, zaidi ya hayo, ni pembe ya kifaru, bidhaa iliyosafirishwa pwani kwa karne nyingi. Mtu angeweza kudhani kwamba Kiswahili kimekwisha kutoa hukumu: mwanamke akisifiwa uzuri hugeuka kitu. Lakini upatanisho unakataa. Husemwa "kidosho amepita", haisemwi "kidosho kimepita". Jina limevaa vazi la kitu, ila kitenzi kinamjua mtu. Hivyo hivyo kwa kipofu na kiziwi: anakuja, anasema, anataka. Ni pale tu dharau inapokusudiwa ambapo msemaji huiacha A- na kushika KI-: "kijitu kile kimerudi tena." Udhalilishaji, basi, haumo katika jina wala katika sifa ya uzuri. Umo katika kitenzi, yaani katika kukataa kwamba huyu anatenda.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijenga falsafa nzima juu ya tofauti hii mwaka 1956, alipoyagawa yote yaliyopo katika makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Alikuwa akijibizana na kitabu cha Placide Tempels kilichochapishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Kwa Kagame, kinachomtenga umuntu na ikintu ni akili. Mtu anayemtazama mwenzake kana kwamba hana akili amemhamisha kundi, hata kama mwenzake huyo amevaa kutoka utosini hadi kisiginoni.

Wakongo wana ushahidi wa jambo hili bila kwenda New York. Katika miaka ya utawala wa Mobutu, chini ya siasa ya "authenticité", suruali, sketi fupi na nywele za bandia zilipigwa marufuku kwa wanawake. Kikwembe kikawa vazi la heshima kwa amri. Wakati huohuo televisheni ya taifa ilionyesha kile kilichoitwa "animation", vikundi vya wacheza ngoma, wanawake wengi kati yao, wakimsifu kiongozi kwa viuno na kwa nyimbo, wamevaa vitambaa vilivyochapwa uso wake. Hawakuwa nusu uchi. Walifanana kwa vazi, yeyote angeweza kuwekwa mahali pa yeyote, na wimbo haukuwa wao. Ukirudi kwenye orodha ya Nussbaum utaona kwamba namna tatu au nne zimetimia juu ya miili iliyofunikwa vizuri kabisa. Anayelilaani onyesho la nguo za ndani kwa sababu ya ngozi peke yake hana neno la kusema juu ya ngoma hizo. Ubaya zaidi, anaukabidhi mkono uleule wa dola mamlaka ya kupima urefu wa sketi ya mwanamke barabarani.

Watetezi wa onyesho hujibu kwamba wanamitindo wake walijulikana kwa majina, walilipwa vizuri na walijichagulia kazi. Jibu hilo lina uzito. Wacheza ngoma wa Mobutu hawakuwa na lolote kati ya hayo. Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Kampuni iliwaita wanamitindo wake wakuu "malaika", na kuna kichekesho kichungu hapo: malaika ni roho isiyo na mwili, nao walipewa mabawa kwa sababu ya miili tu. Adriana Lima, mmoja wa mashuhuri kati yao, alilieleza gazeti moja la Uingereza mwaka 2011 jinsi alivyokaa siku tisa kabla ya onyesho akinywa vinywaji tu bila chakula kigumu. Nywele ndefu za mawimbi zilikuwa karibu sare. Ndipo mwaka 2015 Maria Borges wa Angola alipoomba apite na nywele zake mwenyewe, fupi, za asili, akakubaliwa. Nguo alizovaa hazikuwa nyingi kuliko za wenzake. Ngozi ilikuwa ileile, jukwaa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliomba jambo, na ombi lake likaonekana kichwani pake mbele ya ulimwengu. Tukio hilo dogo lina thamani ya kiuhakiki kuliko mabawa yote ya miaka ile.

Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 2018 Ed Razek, aliyekuwa akisimamia uteuzi wa wanamitindo, aliliambia jarida la Vogue kwamba onyesho ni "ndoto" na kwamba waliobadili jinsia hawafai kuwamo. Desemba watazamaji walikuwa milioni 3 na kitu. Mwaka 2019 Razek aliondoka na onyesho likafutwa. Mwaka huohuo Rihanna alitoa onyesho la kampuni yake, Savage X Fenty, lenye wanawake wa kila unene, wakicheza badala ya kupita tu. Victoria's Secret ilirudi jukwaani Oktoba 2024, ikiwa na Valentina Sampaio na Alex Consani, wanawake wa kwanza waliobadili jinsia kupita hapo, na Ashley Graham ambaye umbo lake lisingekubaliwa zamani. Safari hii nguo nyingi zilizopita ziliweza kununuliwa wakati huohuo, jambo ambalo linalisogeza onyesho karibu zaidi na duka la nguo. Mabawa yalirudi pia.